Mtangazaji amekufa, vipande vyake vinatembea: je, dhambi nayo inatembea?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Shekhe wangu. Mimi ni kijana wa hapa Mwanza, nakaa Buhongwa, nina mke na mtoto mmoja. Huu ni mwaka wa pili nafanya kazi kwenye televisheni ya mtandaoni. Nilianza kwa kushika kamera, sasa ndiye ninayeendesha kipindi. Tunaleta watu wenye ugomvi, mume na mke, mawifi, wapangaji na wenye nyumba, tunawachochea mpaka siri zinamwagika, na mara nyingine wanakunjana mashati. Bosi alipoanzisha kipindi alituwekea vipindi vya zamani vya Jerry Springer, mtangazaji wa Marekani, tukavitazama kutwa nzima, akatuambia huyu ndiye mwalimu wetu.

Miezi michache iliyopita tulimleta mvuvi wa dagaa anayekaa kambini visiwani Ukerewe, pamoja na mkewe anayefanya biashara mwaloni Kirumba, panaposhushwa samaki. Ni Waislamu, ndoa yao ilifungwa msikitini. Mume alikuwa na wasiwasi kuhusu mtoto wao wa miaka mitano. Mimi ndiye niliyesoma karatasi mbele ya kamera kwamba mtoto si wake. Watu waliokuwepo walishangilia kama wapo uwanjani. Mwanamke amehama mji, mvuvi amerudi kambini hataki kuonana na mtu, na mtoto ameachwa kwa bibi yake Igoma, ambako wenzake wanamwita kwa jina la kipindi chetu. Kipande kile ndicho kinachotazamwa kuliko vyote tulivyowahi kuweka.

Nauliza: mshahara wangu ni halali? Watu wanakuja kwa hiari yao na wanasaini, sasa kosa letu liko wapi? Na Jerry Springer amekwishakufa lakini vipande vyake bado vinatembea, je, anaandikiwa? Hili la mwisho nauliza kwa sababu usiku silali, nafikiria nami nikifa kipande kile kitakuwa wapi.

JIBU

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, naanza na swali lako la mwisho, maana ndilo lililokunyima usingizi na yale mengine yote yamo ndani yake.

Katika Sura Yasin, ambayo wengi wetu tunaisoma kwenye misiba bila kusimama kwenye maana yake, aya ya 12, Mwenyezi Mungu anasema kuwa Yeye ndiye anayewafufua wafu, na anayaandika waliyoyatanguliza na athari zao. Waliyoyatanguliza ni yale mtu aliyoyatenda mwenyewe akiwa hai. Athari ni nyayo, yaani kile kinachobaki kimechapwa ardhini baada ya mwenye miguu kupita. Daftari lina kurasa mbili, na ukurasa wa pili haufungwi siku ya maziko.

Mtume, rehema na amani zimshukie, akalieleza jambo hili katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim kutoka kwa Jarir bin Abdillah: anayeanzisha mwendo mwema ana ujira wake na ujira wa watakaoufuata, na anayeanzisha mwendo mbaya ana mzigo wake na mizigo ya watakaoufuata, bila wao kupunguziwa chochote. Nataka uitazame siku yenyewe maneno haya yaliposemwa. Walikuja watu wa kabila la Mudhar, maskini, wamejifunga vipande vya nguo, nusu uchi. Uso wa Mtume ukabadilika kwa huruma. Akawahimiza watu kutoa, akatangulia Mwanswari mmoja, mwenyeji wa Madina, na mfuko uliokaribia kuushinda mkono wake, wengine wakafuata, mpaka pakawa na malundo mawili ya chakula na nguo. Basi mwendo mwema uliosifiwa siku ile ulikuwa ni huu, kwamba watu walikuja wakiwa uchi wakavishwa. Wewe watu wanakujia wamevaa. Jiulize wanaondokaje.

Ama Jerry Springer mwenyewe, simhukumu. Alikuwa Myahudi, bibi zake wawili waliuawa na Manazi, naye alizaliwa London mwaka 1944 katika kituo cha treni ya chini ya ardhi walimokuwa wakijificha watu wakati wa vita. Mtume ametukataza kuwatukana waliokufa, kwani wamekwishafikia waliyoyatanguliza. Hadithi hiyo ni ya Bibi Aisha katika Bukhari. Hesabu yake iko kwa Mola wake. Lakini kuzungumzia mwendo aliouacha si kumtukana. Ni wajibu, maana bosi wako amemfanya mwalimu, na mwalimu lazima ajulikane alifundisha nini.

Alikuwa mwanasiasa, alipata kuwa meya wa Cincinnati mwaka 1977. Kipindi chake kilianza mwaka 1991, na mwanzoni kilikuwa cha mambo mazito ya siasa na jamii. Watazamaji wakawa wachache, na katikati ya miaka ile ya 1990 kikageuzwa: wapenzi waliosalitiana, siri kufichuliwa mbele ya mkosewa, viti kurushwa, walinzi kuingia jukwaani kuwatenganisha. Watazamaji wakamiminika. Kilidumu hadi mwaka 2018, vipindi karibu 4,000. Na kila mwisho wa kipindi alikaa akatoa dakika mbili tatu za nasaha, akiwaambia watu wajitunze na watunzane. Najua na ninyi mnafanya hivyo, nimekuona ukiomba watu wasameheane huku mwanamke analia nyuma yako. Nasaha za dakika mbili haziwezi kumvisha mtu uliyemvua kwa saa nzima. Mwaka 2022, mwaka mmoja kabla ya kufa kwa saratani, Springer alihojiwa akaomba radhi, akasema ameuharibu utamaduni. Alisema nusu kwa utani. Mimi niliposoma sikucheka, nilimwona mzee anatazama nyayo zake.

Hakuwa wa kwanza, wala hakuwa peke yake. Maury Povich, naye mtangazaji wa Marekani, kwa miaka mingi alisoma majibu ya vipimo vya baba wa mtoto mbele ya ukumbi, kile hasa ulichokifanya wewe, na kipindi chake kilidumu toka 1991 hadi 2022. Mwaka 1995, katika kipindi cha Jenny Jones, mwanamume mmoja alishtukizwa jukwaani na siri ya mtu anayemtamani, naye alikuwa mwanamume mwenzake. Kanda ile haikurushwa kamwe, lakini siku tatu baada ya kurekodiwa yule aliyeshtukizwa alimpiga risasi mwenzake akamuua. Ushangiliaji wa ukumbi mmoja ulitosha, hata kabla nchi haijaona. Uingereza alikuwepo Jeremy Kyle tangu 2005. Hakimu mmoja wa Manchester mwaka 2007 alikifananisha kipindi chake na ule mchezo wa zamani wa kumfunga dubu na kumchokoza kwa mbwa, ila hapa aliyefungwa ni binadamu. Mei 2019 kikafutwa, baada ya mgeni mmoja kufariki siku chache tangu arekodiwe akiambiwa kipimo cha kugundua uongo kimeonyesha anadanganya. Sisemi mtangazaji alimuua, kwani hata uchunguzi wa kifo chake haukusema hivyo. Nasema tu kwamba watu wale walikuja kwa hiari yao wote, na walisaini.

Hapo ndipo tunapofika kwenye hoja yako ya kusaini. Mwanangu, sitara ya mja si mali yake peke yake hata aiuze. Ni neema ya Mwenyezi Mungu juu yake, na ina washirika. Mvuvi alisaini, mkewe alisaini. Mtoto wa miaka mitano alisaini wapi? Bibi yake wa Igoma alisaini? Halafu, mtu mwenye hasira au mwenye njaa akikuletea shingo yake na kisu, ruhusa yake haikuhalalishii kuchinja. Mtume amesema katika hadithi ya Bukhari na Muslim kuwa umma wake wote ni wa kusamehewa isipokuwa wanaodhihirisha dhambi zao, akamtaja mtu anayetenda kosa usiku, Mola wake akalifunika, kisha asubuhi anaamka na kusema: nilifanya kadha na kadha. Kama anayejifunua mwenyewe yuko hatarini, vipi anayemlipia nauli ya kuja kujifunua, akamwekea taa usoni na kipaza sauti mdomoni?

Tazama Mtume alivyowahoji waliokuja na siri zao, maana kuhoji nako kuna sunna. Mtu mmoja aitwaye Maiz alikuja kukiri zinaa kwa hiari yake mwenyewe, tena mbele ya watu. Mtume akamgeuzia uso. Akazunguka upande wa pili, akakiri tena, akageuziwa uso tena, mpaka mara nne. Aliulizwa kama ana wazimu. Alifunguliwa mlango wa kutokea: labda ulibusu tu, labda ulishika tu. Na yule aliyemshauri aende akakiri, Hazzal, akaambiwa: lau ungemsitiri kwa nguo yako ingekuwa kheri kwako. Imepokewa na Abu Dawud. Ndiyo kusema muulizaji mbora kuliko wote alikuwa akiulizia njia ya kufunika, na mtu akizidi kujifunua yeye anazidi kugeuza uso. Kazi yako wewe imekuwa kusogeza kamera karibu.

Na kisa kingine, ambacho kinakugusa wewe hasa. Bedui mmoja alikuja akasema mke wangu amezaa mtoto mweusi, akidokeza kwamba si wake. Mtume hakumwita mke. Alimuuliza: una ngamia? Ninao. Wana rangi gani? Wekundu. Hakuna wa kijivu kati yao? Yumo. Ametoka wapi? Akasema, huenda ni mshipa wa asili umemvuta. Mtume akamwambia: na mwanao huyu, huenda ni mshipa umemvuta. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Kwa maswali matatu manne juu ya mifugo, ambayo bedui anaielewa kuliko kitu chochote, nyumba moja ilipona. Yule mvuvi wako alikaa kambini miezi, mke yuko mwaloni kati ya matajiri na wachuuzi, minong'ono ikavuka maji na mitumbwi. Alihitaji mtu mmoja wa kukaa naye mchangani na kumuuliza habari za ngamia wake.

Sasa nisikilize vizuri kwenye sheria. Mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa kitanda, ni wa mume. Hivi ndivyo alivyohukumu Mtume. Karatasi ya vinasaba haimwondoi. Baraza la Fiqhi, yaani la wanazuoni wa sharia, la Makka lililo chini ya Rabita, Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, lilikaa juu ya suala hili mwaka 2002 na likasema vinasaba havitumiki kuukana ukoo wala havitangulizwi mbele ya liani. Liani ndiyo ile iliyotajwa katika Sura An-Nur kuanzia aya ya 6, mume na mke kuapa mbele ya kadhi, viapo vizito vyenye laana na ghadhabu ndani yake, na ina masharti yake, likiwemo kutochelewa baada ya kujua. Haifanyiki studio. Basi kwa sharia mtoto yule hadi leo hii ni mwana wa yule mvuvi, anamrithi na anaitwa kwa jina lake. Ulichokisoma hakikubadilisha kitu mbele ya Mwenyezi Mungu. Kilibadilisha mtaa.

Hata sheria ya nchi imeliwekea jambo hili uzio: tangu mwaka 2009 tuna sheria ya vinasaba vya binadamu, vipimo husimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, na maombi hupitia kwa wenye mamlaka kama mahakama na ustawi wa jamii. Karatasi yenu ilipitia wapi, hilo utalijibu mwenyewe moyoni.

Na kuna la kutisha zaidi. Kumsingizia mwanamke wa heshima zinaa bila mashahidi wanne, Qur'ani katika An-Nur aya ya 4 imelitajia mijeledi 80 na kukataliwa ushahidi wa mtu huyo. Hatuna hapa wa kusimamisha adhabu hiyo, lakini uzito wa aya haupungui kwa sababu mjeledi haupo. Ukumbi uliposhangilia, ulishangilia nini? Katika sura hiyohiyo, aya ya 19, wamekamiwa adhabu chungu wale wanaopenda tu machafu yaenee kati ya waumini. Imesemwa wanaopenda. Kwa hiyo hata anayetazama kwa kuburudika kule kijiweni na kumtumia mwenzake kwenye simu, asidhani yeye yuko pembeni.

Hapa nami niseme jambo langu, ili usidhani nakusemesha kutoka juu ya mnara. Miaka ya nyuma, nikiwa khatibu kijana, nilisimama mimbarini Ijumaa nikazungumzia mfanyabiashara anayeswali safu ya mbele huku ana nyumba ndogo. Sikutaja jina. Niliona nimefanya ujasiri. Watu wote msikitini waligeuza macho kumtazama mtu mmoja. Yule mzee hakurudi tena kuswali pale, na mkewe, ambaye hakuwa anajua, alijua kupitia kinywa changu. Nilimfuata baadaye nyumbani kwake nikamwomba radhi, akanikaribisha chai, akanisamehe. Lakini kutazama kule kwa safu nzima sikuweza kukurudisha. Na wakati ule hapakuwa na simu za kurekodi. Ningekuwa khatibu wa leo, khutba ile ingekuwa bado inatembea.

Wewe umezaliwa huku ziwani, unayajua magugumaji. Yana ua zuri la zambarau, ndiyo maana watu walikuwa wakiyapanda kwenye mabwawa yao kwa mapambo. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Ziwani kwetu yalianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980. Ukikata tawi ukadhani umeliua, kila kipande kinaelea na kuwa mmea mwingine, upepo unakipeleka mwalo mwingine ambao hukuwahi kufika. Kipande chako cha dakika tatu ndivyo kilivyo. Sikwambii haya kukukatisha tamaa. Nakwambia ili uanze kung'oa leo, usingoje kesho.

Kwenye mshahara nitakuwa mfupi. Kazi ya kuchochea ugomvi na kufichua sitara za watu kwa malipo ni haramu, na chumo lake ni haramu kwa anayejua. Ulichokwisha kula kabla ya kujua, taraji msamaha, kwa kufananisha na aya ya 275 ya Sura Al-Baqara juu ya mtu aliyefikiwa na mawaidha akakoma, kuwa yake ni yaliyopita. Kilichobaki mkononi kutokana na kipindi hicho, kitoe. Kwa kuwa una mke na mtoto, sikulazimishi uache ofisi kesho asubuhi ukalale njaa: omba uhamishiwe kwenye habari, michezo, bei za samaki, lolote la halali. Lakini kiti kile usikikalie tena hata siku moja. Wakikukatalia, toka. Mwenye kuacha kitu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu hatupwi.

Usinielewe vibaya ukadhani kila mahojiano makali ni haramu. Kumbana kiongozi aliyekula fedha za umma, kumuuliza mara tatu swali analolikwepa, hilo laweza kuwa ibada. Aya ya 148 ya Sura An-Nisaa inasema Mwenyezi Mungu hapendi kutangazwa maneno mabaya isipokuwa kwa aliyedhulumiwa. Mwenye nyumba anayemtoa mjane nje na vyombo vyake wakati wa mvua, mwite, muulize. Angalia tu ni nani anayefunuliwa: mwenye nguvu aliyejificha, au mnyonge aliyejisitiri. Vipindi vya walimu wenu mara nyingi vilikusanya wanyonge.

Sasa toba. Haki hii ni ya waja, istighfari, yaani kumwomba Mungu msamaha, peke yake haitoshi. Kipande kile uombe kifutwe, kwa maandishi, na ukikataliwa mwambie bosi wako kuwa familia ina haki ya kushitaki, na wewe uwe shahidi wao. Waliokisambaza na unawajua, wafuate mmoja mmoja wakifute. Usirekodi kipande kingine cha kuomba radhi. Utawaanika mara ya pili, kama dagaa wanaogeuzwa upande wa pili. Alikuwepo Marekani Morton Downey Jr., ambaye kipindi chake cha kelele kilirushwa kati ya 1987 na 1989, naye alikuwa akiwapulizia wageni moshi wa sigara usoni. Alipopata saratani ya mapafu mwaka 1996 alitumia miaka yake iliyobaki, hadi kufa mwaka 2001, akizunguka kuwaonya watu na sigara. Hakuwa wa dini yetu, lakini alielewa kuwa nyayo zinafutwa kwa kurudi njia uliyoijia.

Nenda Igoma kwa bibi yake mtoto, uende na mkeo, msiende mikono mitupu. Zungumza na mwalimu wake wa darasa na ustadhi wake wa madrasa, faragha, wamkinge na jina lile. Mwanamke usimtafute wewe. Umtume mkeo au mwanamke mwenye busara, amfikishie radhi, na asipotaka kusikia asilazimishwe.

Kisha mvuvi. Huyu umfuate mwenyewe, uvuke. Mwambie hukumu niliyokueleza, kwamba mtoto bado ni mwanawe, na kwamba kama ana madai, yana kadhi na yana mahakama. Akitaka nitakaa naye mimi, mlango umefungwa. Nenda siku za mbalamwezi, mwezi ukiwa umejaa, karabai, zile taa za kuvulia dagaa, zimezimwa na nyavu ziko juu. Zikiingia siku za giza, mwezi ukiwa haupo, atakuwa majini usiku kucha, hutampata.

Wallahu a'lam.